Gemu ya Zamani Imefunguka kwa Kirusi: Kuirudisha kwenye Kiingereza, Dalili kwa Dalili

Gemu nyingi za zamani tunazocheza hazikufika kwetu ndani ya boksi lake la dukani. Zimepita kwenye flashi ya rafiki, kwenye DVD iliyochomwa kibandani, au zilikutwa tayari ndani ya laptop ya mtumba iliyotoka Dubai au Ujerumani. Huko njiani ndiko zinakookota Kirusi, Kipolandi, Kihispania au Kiarabu. Kijana aliyesoma Kiingereza shuleni, ambaye angefuata hadithi ya gemu mwanzo hadi mwisho, anabaki akibahatisha vitufe. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo lenyewe ni faili moja tu.

Malalamiko yanayoletwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea zaidi, nikamalizia na kile cha nadra. Usiruke hatua nyepesi kukimbilia nzito.

Kwanza: Kiingereza kimo au hakimo?

Hakuna mpangilio utakaoleta lugha ambayo mafaili yake hayamo kwenye kopi yako. Ndiyo maana uchunguzi huu unatangulia dalili zote. Bofya kulia ikoni ya gemu, chagua "Open file location", na ikiwa Windows yako nayo ni ya lugha nyingine, ingia mwenyewe kwenye `C:\Program Files (x86)` au `C:\Games`. Ndani ya folda ya gemu tafuta folda zenye majina kama `language`, `lang`, `text`, `localization`, au mafaili yenye `english`, `eng` au `en` kwenye jina. Kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya dirisha kinasaidia: andika `*eng*` usubiri.

Ukiyakuta, una matumaini makubwa. Usipoyakuta, huenda kopi hiyo ilipunguzwa ili itoshe kwenye flashi, na waliopunguza walianza kwa kufuta lugha "zisizohitajika". Hapo kazi inakuwa kutafuta mafaili ya Kiingereza, wala si kubadilisha mipangilio.

Kisha, kabla hujagusa chochote, nakili folda nzima ya gemu uiweke pembeni, na unakili pia folda yake iliyomo ndani ya Documents. Humo ndimo mara nyingi maendeleo yako yanamokaa. Grand Theft Auto: Vice City, kwa mfano, huyaweka kwenye `GTA Vice City User Files` katika mafaili ya aina ya `GTAVCsf1.b`, na San Andreas huyaweka kwenye `GTA San Andreas User Files`. Kuna watu wamepoteza gemu waliyoicheza miezi kwa sababu tu walifuta folda hiyo wakidhani wanafuta lugha.

Dalili ya 1: Gemu inafanya kazi vizuri, ila iko kwenye lugha nyingine

Chanzo kikubwa ni kwamba aliyeiweka alichagua lugha yake, au gemu ilifuata lugha ya Windows aliyokuwa nayo. Anza ndani ya gemu yenyewe. Tatizo la hapa ni kuipata menyu ya lugha usiyoisoma, kwa hiyo weka maneno haya karibu:

- Kirusi: Настройки ni mipangilio, Язык ni lugha, Английский ni Kiingereza, Да ni ndiyo, Нет ni hapana, Выход ni kutoka.
- Kipolandi: Opcje au Ustawienia ni mipangilio, Język ni lugha, Angielski ni Kiingereza.
- Kihispania: Opciones, Idioma, Inglés.
- Kijerumani: Optionen au Einstellungen, Sprache, Englisch.

Gemu nyingine haina lugha ndani ya menyu zake. Angalia kama folda yake ina programu ndogo ya pembeni, mara nyingi `settings.exe`, `setup.exe` au `config.exe`. Gemu za enzi za DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, ziliweka uchaguzi huo kwenye `SETUP.EXE` au `INSTALL.EXE`.

Kama gemu ulinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, bofya kulia jina lake kwenye maktaba, chagua "Properties", utaona orodha ya lugha. Ukichagua English, Steam itapakua mafaili yanayopungua, kwa hiyo hakikisha bando lipo kabla hujabonyeza. GOG Galaxy, programu ya duka jingine la mtandaoni la GOG, nayo ina orodha ya lugha kwenye mipangilio ya gemu iliyosakinishwa. English ikikosekana kabisa kwenye orodha ya Steam, inawezekana kopi hiyo iliuzwa kwa soko la nchi moja tu. Baadhi ya gemu zilizouzwa kwa ajili ya Urusi zilifungwa kwa Kirusi, na hakuna kitufe kitakachoifungua.

Baada ya hapo ni mafaili ya maandishi. Tafuta mafaili ya `.ini`, `.cfg` au `.txt`, yafungue kwa Notepad, tafuta neno `language` au `lang`. Call of Duty 2 na Call of Duty 4 ni mfano mzuri: ndani ya folda ya gemu kuna `localization.txt`, na mstari wake wa kwanza ndio unaotaja lugha. Ubadilishe uwe `english`. Lakini usiufanyie haraka. Call of Duty 4 inahitaji pia folda ya `english` ndani ya `zone`, pamoja na mafaili yanayoanza na `localized_english` ndani ya `main`. Kama hayamo, gemu itagoma kufunguka na kulalamika kwamba faili fulani la `.ff` halikuonekana. Huo si uharibifu. Rudisha neno la zamani, itafunguka.

Mwisho kabisa ni rejista ya Windows. Gemu nyingi za EA za miaka ya 2000 zilihifadhi lugha huko. Bonyeza Windows na R, andika `regedit`. Kwa The Sims 3 ya diski, nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Wow6432Node\Sims\The Sims 3`, tafuta `Locale`, andika `en-US`. Kila nyongeza ya gemu hiyo ina ufunguo wake pembeni, nayo ibadilishe vivyo hivyo.

Onyo: rejista ndiyo kumbukumbu ya Windows nzima, na haina kitufe cha kurudisha ulichokosea. Kabla ya kubadilisha, bofya kulia ufunguo husika, chagua "Export", hifadhi faili. Usifute kitu humo. Kama kompyuta si yako, au ni ya ofisi, ya shule au ya saiba, usiingie kabisa, mwite anayeisimamia.

Dalili ya 2: Menyu inasema English, lakini maandishi bado ni Kirusi

Hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, na inajirudia sana kwenye Vice City ya mwaka 2003 na San Andreas ya mwaka 2005. Mtu anachagua Kiingereza, anarudi nyuma, anachagua tena, hakuna kinachobadilika, anahitimisha kwamba kompyuta ni mbovu.

Kompyuta haina kosa. Waliotafsiri gemu kienyeji hawakuongeza lugha mpya. Walichukua faili la Kiingereza wakaandika Kirusi juu yake. Kwenye gemu hizi mbili maandishi yote yamo ndani ya folda ya `TEXT`, kwenye mafaili ya `.gxt`: `american.gxt` ni Kiingereza, halafu `french.gxt`, `german.gxt`, `italian.gxt` na `spanish.gxt`. Gemu inaambiwa isome `american.gxt`, inaisoma kwa uaminifu, na ndani yake imo tafsiri ya Kirusi.

Jaribio la kuthibitisha: chagua lugha nyingine kwenye menyu, tuseme Kihispania. Ikija Kihispania safi, basi lugha inabadilika sawasawa na tatizo liko kwenye `american.gxt` peke yake. Lugha zote zikileta Kirusi, nazo zimeandikwa juu.

Dawa ni kupata `american.gxt` ya asili kutoka kwa mtu mwenye gemu hiyo hiyo kwa Kiingereza. Sisitiza hiyo hiyo: ya Vice City haiwezi kuingia San Andreas. Libadilishe faili la zamani jina liwe `american_kirusi.gxt`, usilifute, kisha weka jipya.

Wengi wanaishia hapo, na wanapofungua gemu wanakuta herufi zimevurugika, nyingine za Kilatini na nyingine za Kirusi zikiwa zimechanganyika ndani ya neno moja. Sababu ni kwamba picha za herufi zinakaa mahali pengine, kwenye `fonts.txd` ndani ya folda ya `models`, na watafsiri walichora herufi za Kirusi humo. Lazima faili hilo nalo lirudishwe. San Andreas ina la tatu, `fonts.dat` ndani ya `data`, linalopanga upana wa kila herufi. Lisiporudishwa, maneno yatasomeka lakini yamebanana au yameachana. Kwa hiyo omba mafaili yote kwa pamoja, mawili kwa Vice City na matatu kwa San Andreas, usirudi kwa rafiki yako kila jioni kuomba moja.

Ukimaliza, ingia kwenye folda ya gemu ndani ya Documents, ulibadilishe jina faili la mipangilio, `gta_vc.set` au `gta_sa.set`. Gemu itatengeneza jipya lenye mipangilio ya mwanzo. Mafaili ya maendeleo yaliyo jirani yake usiyaguse.

Age of Empires II ina tabia inayofanana. Maandishi yake yamo kwenye `language.dll`, na ya nyongeza ya The Conquerors yamo kwenye `language_x1.dll`. Yanabadilishwa pamoja, ukirudisha moja tu, nusu ya menyu itabaki lugha ya kigeni.

Onyo kubwa: faili la `.gxt` haliwezi kujiendesha lenyewe, lakini `.dll` na `.exe` zinaweza kubeba virusi. Tovuti nyingi zinazojitangaza kuwa na "faili la Kiingereza" hukupa programu ya kusakinisha ambayo haina Kiingereza ndani yake hata kidogo. Ukiambiwa zima antivirasi kwanza, ondoka hapo. Chukua mafaili kutoka kwa mtu unayemfahamu mwenye kopi halali, au nunua gemu yenyewe. Gemu nyingi za umri huu huuzwa mtandaoni kwa bei ndogo, hasa nyakati za punguzo.

Dalili ya 3: Nimebadilisha, nikafungua tena, imerudi ilivyokuwa

Anza na jina la faili. Windows huficha kiambishi cha mwisho cha jina, kwa hiyo ukihifadhi `settings.ini` kwa Notepad unaweza kuwa umetengeneza `settings.ini.txt` bila kujua, na gemu inaendelea kusoma la zamani. Kwenye File Explorer washa "File name extensions" ndipo uangalie.

Likiwa jina sahihi, bofya kulia faili, "Properties", angalia kama "Read-only" imetiwa alama. Mafaili yaliyonakiliwa kutoka CD yanaweza kuja na alama hiyo. Iondoe, badilisha, hifadhi.

Kuna sababu moja ambayo hata mafundi wengi hupitwa nayo. Tangu Windows Vista, programu ya zamani haikubaliwi kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa ya msimamizi. Badala ya kuikatalia, Windows huiandikia nakala ya siri mahali pengine, na kila gemu inapofunguka husoma nakala hiyo. Wewe unahangaika kubadilisha faili lililo Program Files, na gemu wala hailitazami. Nakala iko hapa:

`C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore`

Folda ya `AppData` imefichwa, kwa hiyo bandika njia hiyo kwenye mstari wa anwani wa File Explorer, ukiweka jina la akaunti yako. Ukiikuta folda ya gemu humo, badilisha lugha kwenye faili la humo. Ili tatizo lisirudi tena, hamisha gemu iende `C:\Games`, ambako Windows haifanyi hivyo. Zile zinazotegemea rejista ni vyema kuzisakinisha upya huko, kuliko kuzihamisha.

Waliobadilisha rejista wana kisa kingine. Gemu hizi ni za biti 32, na kwenye Windows ya biti 64 hazisomi `SOFTWARE` ya kawaida, zinasoma `SOFTWARE\Wow6432Node`. Maelekezo ya mwaka 2005 hayakutaja hilo kwa kuwa kompyuta za wakati huo karibu zote zilikuwa za biti 32. Ukiyafuata kama yalivyo utakuwa umeandika kwenye ufunguo usiosomwa na yeyote.

Dalili ya 4: Herufi ni vurugu tupu

Angalia vurugu ni ya aina gani, maana kila aina ina chanzo chake.

Ukiona kitu kama `Íîâàÿ èãðà`, hicho ni Kirusi kinachosomwa kwa jedwali la herufi la Ulaya Magharibi. Hapo pameandikwa Новая игра, yaani mchezo mpya. Gemu haijaharibika, ni ya Kirusi na kompyuta yako haijui. Rudi Dalili ya 1 na ya 2.

Ukiona alama za kuuliza mfululizo, `?????`, Windows imeshindwa kabisa kuzibadilisha herufi hizo. Unaweza kuiwezesha isome lugha ya gemu kwa muda ili uifikie menyu ya lugha: fungua Control Panel, "Region", kichupo cha "Administrative", "Change system locale", chagua lugha ya gemu, zima na uwashe. Ukishapata Kiingereza, rudisha palipokuwa, maana mpangilio huo unagusa programu zote za zamani kwenye kompyuta. Ukiweka Kijapani, kwa mfano, alama ya mkwaju wa nyuma kwenye njia za mafaili itaanza kuonekana kama ¥. Usishtuke.

Vijisanduku vitupu vinamaanisha fonti ya gemu haina herufi hizo. Kwenye gemu uliyoirekebisha mwenyewe, karibu siku zote umesahau faili la fonti.

Na kama gemu imeshakuwa Kiingereza ila ukiandika jina lako zinatoka herufi za Kirusi, hiyo ni kibodi. Bonyeza Windows na upau wa nafasi, chagua English.

Dalili ya 5: Maandishi ni Kiingereza, sauti ni ya lugha nyingine au hakuna kabisa

Maandishi na sauti ni vitu viwili tofauti, na sauti ndiyo nzito. Kwenye PES 6 ya mwaka 2006, ndani ya folda ya `dat`, utakuta `e_text.afs` ya maandishi na `e_sound.afs` ya sauti, na faili la sauti ndilo linalojaza flashi. Kwa hiyo aliyebana gemu hufuta utangazaji kwanza. Usipolikuta faili la sauti, hakuna dawa ila kulipata kutoka kopi kamili.

Kwenye Vice City na San Andreas sauti zilirekodiwa kwa Kiingereza tu hata katika kopi za Ulaya. Ukisikia wahusika wakiongea Kirusi humo, mafaili ya sauti yamebadilishwa na watu wa pembeni. Kwa hali hiyo nashauri utafute kopi nyingine nzima. Kurudisha sauti faili kwa faili ni kazi ndefu, na matokeo yake hayaridhishi.

Dalili ya 6: Baada ya kubadilisha, gemu haifunguki tena

Rudisha mafaili ya zamani kutoka kwenye nakala uliyoweka. Ikifunguka, basi faili jipya si la toleo lako au halijanakiliwa lote. Linganisha ukubwa wa faili la kwenye flashi na la kwenye kompyuta.

Isipofunguka hata kwa mafaili ya zamani, angalia antivirasi: huenda imelitia kizuizini `.dll` au `.exe`. Usiliachie mpaka uwe na hakika lilikotoka.

Waliosakinisha upya kutoka diski halisi ya Kiingereza wanaweza kukuta gemu haisemi lolote, au inadai diski wakati diski imo. Diski nyingi za zamani zilitumia SafeDisc, ulinzi wa kuzuia diski isinakiliwe, na Windows 10 na 11 haziukubali kwa sababu za usalama. Lugha haihusiki hapo. Suluhisho safi ni kopi ya GOG au Steam isiyo na ulinzi huo.

Kama unachezea kwenye emuleta

Emuleta ni programu inayoiga mashine nyingine ya gemu. Kwenye PPSSPP, emuleta ya PSP, ingia mipangilio, sehemu ya "System", utaona "Game language". Kwenye PCSX2, emuleta ya PS2, lugha hufuata mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi ya PS2, kwa hiyo washa BIOS bila gemu ubadilishe humo. Kabla ya yote tazama namba ya gemu. SLUS na ULUS ni za Marekani, SLES na ULES ni za Ulaya na mara nyingi zina lugha kadhaa, SLPS, SLPM, ULJM na ULJS ni za Japani. Kopi ya Japani kwa kawaida haina Kiingereza ndani, na mpangilio hautakizalisha.

Acha hapo hapo, umwite fundi

Windows ikikataa kuwaka baada ya kugusa rejista, usiendelee kubahatisha. Kila jaribio hupunguza uwezekano wa kuokoa mafaili yako. Mpe fundi kompyuta pamoja na lile faili ulilohifadhi kwa "Export".

Mafaili yako ya kawaida, picha na nyaraka, yakianza kubadilika majina au kutofunguka baada ya kusakinisha "faili la Kiingereza", chomoa intaneti, chomoa flashi zote, zima kompyuta. Usichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine.

Kunakili kukikwama pale pale kila mara, au diski ya ndani ikitoa sauti ya kugonga, diski inakufa. Achana na gemu. Mwambie fundi akutolee kwanza picha na kazi zako, kisha ndipo mzungumzie kubadilisha diski.